Mafuta Chini ya Robo

Lori lilikuwa limeishiwa nguvu tena, palepale, saa ileile, na Taratibu alikuwa amekanyaga mafuta mpaka chini. Au niseme alidhani amekanyaga. Hapo ndipo penye kasheshe yenyewe, na nakuomba usimcheke kwanza, maana waliomcheka walikuwa wengi na hakuna hata mmoja aliyejua kilichokuwa kinamla huyu mzee moyoni.

Jina la Taratibu alipewa na madereva wenzake. Miaka ishirini na sita barabarani na hajagonga hata kuku, sasa wangemwitaje? Kazi yake ilikuwa kubeba chokaa. Siku ya kwanza anatoka yadi asubuhi, tangi limejaa hadi shingoni, tela tupu, anafika machimboni jioni na kulala huko. Siku ya pili anapakiwa mifuko, tani ishirini na nane, anageuza kurudi. Na alasiri ya siku hiyo ya pili, saa tisa na ushei, anaukuta mlima. Si mlima wa kutisha. Alikuwa ameuzoea kuliko ngazi za nyumbani kwake.

Lakini hii ilikuwa wiki ya tano. Gari linaanza vizuri, gia ya nane, gia ya saba, halafu kwenye kona ya pili nguvu zinaanza kupungua polepole, kama mtu anayepoteza hamu ya chakula. Hakuna moshi. Hakuna mlio. Hakuna taa nyekundu wala ya njano. Gia ya tano, ya nne, ya tatu. Siku hiyo alipitwa na mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia mawili, na yule bwana, jamani, hakupita kimya. Aligeuka akampungia mkono akasema, "Pole, mzee!"

"Asante," Taratibu alijibu, akainamisha kichwa kutazama mguu wake wa kulia.

Mguu ulikuwa juu ya pedeli. Aliuona kwa macho yake. Pedeli ilikuwa imeshuka, au ilionekana imeshuka. Kwa pale alipokaa, na tumbo lake, na usukani, huwezi kuapa. Akaukandamiza zaidi. Hakusikia tofauti yoyote, si kwenye injini, si kwenye mguu.

Asubuhi iliyofuata alirudisha gari yadi, akaenda moja kwa moja kwa fundi mkuu. Huyu walimwita Spana, mtu mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili, na alikuwa na sheria yake moja ambayo hata bosi aliiheshimu: gari la majaribio halitoki getini mpaka tangi lijazwe. Zamani, kabla ya hapo, lori moja lilimwishia mafuta wakati wa kulijaribu, katikati ya barabara ya sokoni, hewa ikaingia kwenye mabomba yote, na Spana akashinda kutwa nzima amelala chini ya gari akipampu kwa mkono huku akina mama wa nyanya wakimpigia makofi. Tangu siku hiyo, tangi tele au hakuna majaribio. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia aibu ya siku moja inatosha.

Basi wakajaza tangi. Mifuko ya chokaa ilikuwa bado haijashushwa, kwa hiyo mzigo ulikuwepo. Spana akashika usukani mwenyewe, akakipanda kilima cha nyuma ya yadi, kikali kuliko ule mlima, akarudi anapiga honi.

"Gari zima!" alitangaza, akiruka chini. "Limepanda utadhani tela tupu. Hii ni mara ya nne, Taratibu. Mara ya nne! Sasa niambie, linakuogopa wewe peke yako?"

Madereva waliokuwa wanasubiri zamu chini ya paa la bati wakavunjika mbavu. Mmoja akasema labda gari linataka kubembelezwa. Mwingine akasema mzee amezeeka, mguu umekuwa mwepesi.

Taratibu alicheka nao. Alicheka hata meno ya nyuma yakaonekana, lakini maneno ya yule wa mwisho yalimwingia mpaka kwenye mfupa.

Maana ukweli wake ulikuwa huu. Miezi miwili kabla, kwenye kliniki ya sukari, nesi alimwambia avue viatu na afumbe macho. "Nitakugusa na kiuzi hiki cha plastiki," nesi alisema. "Kila ukihisi, sema ndiyo." Taratibu akafumba macho, akakaa anasubiri. Mguu wa kushoto alisema ndiyo mara tisa. Mguu wa kulia alisubiri, akasubiri, mpaka akauliza, "Nesi, mbona huanzi?" Nesi alikuwa ameshamaliza.

"Unafanya kazi gani, baba?" nesi aliuliza, kalamu mkononi.

"Mlinzi," Taratibu alisema. Uongo ulimtoka kabla hajaupangia. Nesi akaandika mlinzi, akamwambia achunge vidonda, asitembee peku, arudi baada ya miezi mitatu. Kadi akaikunja mara nne akaitia kwenye mfuko wa koti la kazi, na mkewe hakuambiwa. Mkewe alijua habari ya sukari. Ya mguu hakuijua.

Sasa umeona? Kila Spana aliposema gari zima, wenzake walisikia habari ya gari. Taratibu alisikia hukumu ya mguu. Gari likiwa zima, basi ni yeye ndiye asiyekanyaga. Na ukishindwa kujua kama unakanyaga mafuta, utajuaje kama unakanyaga breki? Alikuwa akiliwaza hilo swali hata akiwa anakula, tonge linabaki mkononi linapoa.

Na malori haya ya siku hizi hayana msaada. Malori aliyojifunzia ujanani yalikuwa na waya mnene kutoka kwenye pedeli hadi kwenye pampu. Ukikanyaga, pedeli nayo inakusukuma, injini unaisikia inakujibu kwenye goti. Hili la sasa pedeli yake imeshikamana na kisensa tu, kinachopeleka habari kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua mafuta kiasi gani yaende kwenye nozeli zinazoyanyunyiza ndani ya injini. Hakuna kinachokurudishia neno. Mguu wake haukuwa na shahidi.

Bosi naye hakuwa na maneno mengi. Alisema likigoma tena, funguo atapewa mwingine, na Taratibu atatafutiwa kazi getini. Mlinzi! Taratibu aliposikia hivyo, nusura acheke kwa uchungu.

Jumapili, mkewe alipokwenda kumtembelea jirani aliyejifungua, Taratibu alibaki peke yake na cherehani. Mkewe alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikuwa ile ya kukanyaga, imekaa karibu na dirisha, shati la mteja likiwa chini ya sindano. Taratibu akavuta kiti. Akavua kiatu. Akaweka mguu wa kulia kwenye kikanyagio, akakanyaga huku anautazama. Gurudumu likazunguka vizuri. Haya. Akafumba macho, akakanyaga tena. Likazunguka. Moyo ukamtulia kidogo. Akaacha, akahesabu hadi ishirini macho yakiwa yamefumbwa, halafu akajiambia: sasa mguu uko juu ya kikanyagio au umeteleza sakafuni?

Hakujua. Alikaa pale, mtu mzima mwenye wajukuu, akijaribu kuuliza mguu wake uko wapi, na mguu haukujibu. Aliogopa kufumbua macho.

"Unashona nini?"

Alishtuka akakanyaga. Kumbe mguu ulikuwa palepale juu, na cherehani ikaondoka mbio, trrrrr, ikaufunga mkono wa shati kuanzia kwapani mpaka kwenye kifungo.

"Nafanya mazoezi," Taratibu alisema.

"Mazoezi!" Mkewe aliweka kanga begani, akaliinua lile shati akalitazama. "Mazoezi ya kushona mikono ya watu? Huyu mteja ataingiza nini humu, kijiko?" Halafu akamtazama usoni, akaacha utani. "Baba watoto, una nini wewe siku hizi? Unakula huli, unalala hulali. Gari ndilo linalokuhangaisha hivi?"

"Ni gari tu," alisema. "Silielewi."

Hapo hakusema uongo, kwa sababu kweli alikuwa halielewi. Gari linakufa mlimani na kufufuka yadi. Mguu unafanya kazi ukitazamwa na kupotea ukifumbiwa macho. Kipi kinamdanganya? Au vyote viwili vimekula njama? Kichwa kilimzunguka mpaka akaomba chai, na akapokea kikombe cha chai ya sukari kilichokuwa kimewekewa mteja, akanywa nusu kabla mkewe hajamnyang'anya kikombe.

Aliyekuja kuukata huo mzunguko alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake, aliyeajiriwa yadi miezi minane iliyopita kushughulikia mambo ya umeme na kompyuta za magari. Mafundi walimwita Daktari, mwanzoni kwa kejeli, kwa sababu alikuwa akichomeka waya chini ya dashibodi na kukaa kimya akisoma laptopu kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Siku hizi kejeli ilikuwa imepungua. Kwa gari la mjomba wake alikuwa ameshachomeka waya mara mbili, na mara zote mbili kompyuta ilisema hakuna kosa lililohifadhiwa.

Jumatatu alimkuta Taratibu amekaa kwenye ringi la tairi, ameshika tama.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nina swali la kijinga. Likigoma kule mlimani, geji ya mafuta inakuwa wapi?"

Taratibu alifikiri. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hilo. "Robo," alisema. "Hapana, chini ya robo. Ni siku ya pili, yanakuwa yamekwenda."

"Na Spana akilijaribu, geji inakuwa wapi?"

"Kwani hujui? Tangi linajazwa."

Daktari aliondoka palepale. Akaenda kwa Spana, na kelele zikaanza. Mafuta ni mafuta, Spana alifoka. Yakiwa pipa zima au yakiwa kikombe, yanawaka vilevile, na yeye hataingiza hewa kwenye mabomba kwa ajili ya mtoto wa juzi. Daktari hakumwinulia sauti. Alimwambia, kwa adabu zote, kwamba hata yeye hana hakika, ila majaribio manne yamefanywa na hakuna hata moja lililofanana na safari yenyewe. Naomba siku mbili, alisema, nikae kwenye gari na Mjomba, tangi lishuke lenyewe, nisome kompyuta ikiwa njiani. Spana alimtazama, akatazama mkono wake wenye grisi, akasema, "Nendeni. Mkikwama msinipigie simu." Alikuwa mtu wa kelele lakini hakuwa na roho mbaya.

Jumanne walikwenda. Hakukuwa na jipya, walizungumza habari za ndugu, nani ameoa, nani amenuna. Jumatano saa tatu asubuhi walipakiwa, wakageuza.

Daktari alikaa kiti cha abiria, laptopu mapajani, waya umening'inia hadi chini ya dashibodi. Kwenye kioo cha laptopu kulikuwa na mistari mitatu ya rangi inayotembea. "Huu mwekundu ni joto la mafuta," alimweleza. "Si la injini, la mafuta yenyewe, dizeli. Huu wa kijani ni nguvu ambazo kompyuta inaruhusu. Na huu wa bluu ni mguu wako."

"Mguu wangu?"

"Pedeli, Mjomba. Umekanyaga kiasi gani. Ukikanyaga mpaka chini, inasoma mia."

Taratibu hakuwa amejua kwamba kumbe shahidi yupo, tena ana rangi. Kwanza alitaka asimamishe gari, aseme anaumwa tumbo. Halafu akatamani mlima ufike upesi ayamalize. Aliendesha na hayo mawili yakivutana ndani yake, na kila dakika mbili tatu akiinama kuutazama mguu, kama alivyofanya kwa wiki tano.

Saa tatu mafuta yalikuwa digrii arobaini na moja. Saa sita, hamsini na nane, na geji inaelekea robo. Jua lilikuwa limepamba moto, lami inang'aa. Walipofika chini ya mlima, mstari mwekundu ulisoma sabini na nne.

"Panda kama kawaida yako," Daktari alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Gia ya nane. Ya saba. Kona ya kwanza. Sabini na tisa. Kona ya pili, themanini na tatu, na Taratibu akahisi, siyo kwenye mguu, kwenye makalio na kwenye mgongo, gari linaanza kulegea. Ya tano. Ya nne.

"Limeanza," alisema. "Mwanangu, niambie. Huo wa bluu. Unasomaje?"

"Mia."

"Una hakika?"

"Mia, Mjomba! Umekanyaga mia tangu chini, hujaachia hata moja. Ni huu wa kijani ndio unaoshuka. Ona! Kompyuta yenyewe inapunguza. Ni mafuta! Mjomba, ni mafuta!"

Alipiga dashibodi kwa kiganja kwa furaha ya fundi. Taratibu hakupiga kitu. Machozi yalikuwa yanamshuka, hakuyafuta, mikono yote ilikuwa kwenye usukani.

Walijikokota mpaka juu, wakaegesha pembeni. Daktari akamweleza, na alimweleza mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mzee alikuwa hasikii kitu. Injini haili mafuta yote inayoyavuta; mengine inayarudisha kwenye tangi, na yanarudi yakiwa ya moto. Tangi likiwa limejaa, hayo ya moto yanakutana na lita mia nne, yanapoa. Likibaki na lita themanini, yanazunguka yaleyale, tangi injini, injini tangi, kila mzunguko moto unaongezeka. "Na dizeli ikipata moto, Mjomba, inatanuka na inakuwa nyepesi. Si umeona mafuta ya kupikia? Ya baridi yanamwagika mazito, ya moto yanakimbia kama maji. Sasa kipimo kilekile kinachoingia kwenye nozeli kinakuwa kimebeba mafuta kidogo. Kompyuta inajaribu kufidia, inaacha nozeli wazi kwa muda mrefu zaidi. Lakini ikifika kikomo inasema basi, inapunguza nguvu kabisa, isije ikaua pampu, kwa sababu mafuta hayo hayo ndiyo yanayoilainisha."

"Na taa mbona haiwaki?"

"Kwake hilo si kosa. Inajilinda tu. Ikipoa inasahau, haiandiki popote."

Akaingia chini ya gari, na haukupita muda akatoa ukelele. Kwenye bomba la kurudisha mafuta kulikuwa na rejeta ndogo, ya kuyapooza kabla hayajafika kwenye tangi. Mwaka uliopita jiwe liliipiga, na fundi wa kuchomelea, kwa nia njema kabisa, akaikinga kwa bati la chuma. Akaikinga mbele, akaikinga nyuma, akaikinga pande zote. Kazi safi, na hewa haipiti hata ya kuzimia mshumaa. Kwa miezi lile bati lilikuwa limejaa tope na grisi, hadi joto likakosa pa kutokea.

Taratibu alichuchumaa kulitazama lile bati, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia tairi. "Bati!" alisema. "Wiki tano silali, kumbe bati!" Mpwa wake alicheka naye, ingawa hakuelewa. Kwa nini mtu mzima alie namna ile kwa ajili ya rejeta? Alidhani ni habari ya kazi ya getini.

Walisubiri nusu saa mafuta yapoe, wakaondoka. Jamani, ungemwona Taratibu! Alikaa wima. Alianza kumweleza mpwa wake jinsi atakavyoingia yadi, jinsi atakavyomwita Spana mbele ya watu wote na kumwomba amsomee tena ile hukumu ya gari zima. Alimwahidi Daktari gauni, litashonwa na mke wa mjomba wake mwenyewe, tena lenye mikono iliyo wazi, na akacheka peke yake kwa hilo. Akaanza kuimba. Kwa mara ya kwanza katika wiki tano hakuinama kuutazama mguu wake. Ya nini? Ulisoma mia.

Barabara ikaanza kuteremka. Mbele yao, mbali kidogo, kulikuwa na pikapu imebeba mbao na watu watatu wamekaa juu ya mbao hizo, migongo yao ikiwatazama. Ilikuwa inakwenda polepole.

"Mjomba, punguza," Daktari alisema, akiwa bado anatazama kioo.

"Nimeshaachia."

"Toa mguu, Mjomba."

"Nimeshautoa, mwanangu. Nipo kwenye breki." Alisema kwa utulivu, kwa sababu ndivyo alivyoamini. Alikuwa ameuinua mguu, ameupeleka kushoto, ameuweka juu ya breki. Alijua amefanya hivyo kama unavyojua umefunga mlango.

"Mjomba, inasoma arobaini. Arobaini na tano. Umekanyaga mafuta!"

Pikapu ilikuwa inakaribia. Mmoja wa wale watu juu ya mbao aligeuka, na Taratibu aliona uso wake vizuri, kijana mwenye kofia ya sufu, akiwa bado anatabasamu kwa kitu alichoambiwa na mwenzake. Halafu tabasamu likaondoka.

Taratibu akatazama chini. Mguu ulikuwa pale. Juu ya mafuta, umetulia, kiatu kimelala upande, wala hauna habari. Akaishika suruali gotini kwa mkono, akauinua mguu kama anavyoinua mfuko, akautupa juu ya breki, akaegemeza mwili mzima. Breki zikashika. Mzigo wa chokaa ukasukuma kutoka nyuma, tela likaunguruma, Daktari akaidaka laptopu kifuani. Lori likasimama, na kati yake na zile mbao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kupita, tena kwa ubavu. Pikapu ikaendelea kushuka, watu watatu juu yake wamesimama, wanapiga kelele na kuonyesha ngumi.

Taratibu akavuta hendibreki. Akazima injini.

"Tangu lini?" mpwa wake akauliza.

"Miezi miwili. Labda zaidi." Akatoa kadi kwenye mfuko wa koti, akaikunjua, akampa. Daktari akaisoma, akafika kwenye neno mlinzi, akainua macho kumtazama mjomba wake.

"Mlimani ulisoma mia," Taratibu alisema. Ilikuwa kama anamwomba.

"Ulisoma mia, Mjomba. Ni kweli. Gari lilikuwa na ugonjwa wake, huo ni kweli kabisa." Akaifunga laptopu. "Mimi... hii sehemu ya mwisho, si lazima iingie kwenye ripoti. Waliniagiza habari ya nguvu mlimani tu. Hiyo ya kushuka naweza—"

"Uso wake ulikuwa wa kitoto," Taratibu alisema. "Yule wa kofia. Alikuwa anacheka."

Daktari akaifuta pua kwa mkono wa ovaroli. Taratibu akachukua simu. Namba ilikuwa kichwani. Spana alipokea kwa ile sauti yake, na nyuma yake nyundo zilikuwa zinalia.

"Taratibu! Si niliwaambia msinipigie? Mmekwama?"

"Hatujakwama. Daktari amepata ugonjwa. Ni mafuta, yanapata moto tangi likishuka. Lile bati la rejeta litolewe."

Nyundo zikaacha kulia. "Unanitania."

"Atakueleza mwenyewe. Gari ni bati tu, kesho litakuwa zima."

"Loo! Basi na mimi nimekukosea, kaka. Nimekukosea sana. Nitakuomba radhi mbele ya wote, naapa. Sasa leteni hilo gari nilione kwa macho yangu. Mnafika saa ngapi?"

Taratibu alichomoa funguo, akaziweka juu ya dashibodi, upande wa mpwa wake.

"Tuma dereva," alisema.

"Dereva wa nini? Dereva si wewe?"

"Tuma dereva, Spana," alisema Taratibu. "Tutamsubiri hapa."